Moyo wa Mtoto Unaweza Kuangaliwa Kabla Hajazaliwa



Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya malaria, kuhara, chandarua na chanjo. Leo tutaongea juu ya jambo ambalo wengi wetu hapa Nakivale hatulisikii mpaka limeingia ndani ya nyumba. Ni watoto wanaozaliwa na moyo ambao haukujengeka vizuri, na namna kasoro hiyo inavyoweza kuonekana mtoto akiwa bado tumboni.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya swali moja. Baada ya kikao cha akina mama wajawazito, mama mmoja alinifuata nje akaniuliza: "Dada, nesi aliweka ile pembe kwa tumbo, akasikia moyo wa mutoto unapiga muzuri. Sasa munatutuma tena ku ekografi ya nini?" Wenzake waliokuwa karibu wakacheka kidogo, lakini niliona wote wanangoja jibu. Sikuwa na jibu fupi. Nilimwambia nitaliandika.

Pembe inasikia, haioni

Tuanze na ile pembe. Nesi akiiweka juu ya tumbo anasikia mapigo, anayahesabu. Mtoto mzima tumboni moyo wake hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika moja, haraka kuliko wa kwako wewe. Kipimo hicho ni cha maana sana, kwa kuwa kinaonyesha kwamba mtoto yu hai na hajachoka. Lakini hakionyeshi moyo umejengwaje. Ukipita nje ya nyumba ukasikia mchi unatwanga ndani ya kinu, unajua kuna mtu na ana nguvu. Hujui kama kuta za nyumba zimesimama, wala kama mlango umefungwa. Moyo wenye tundu kubwa katikati unaweza kupiga mara 140 kwa dakika kama ule ambao hauna kasoro.

Ili kuona kuta na milango inahitajika picha, na picha hiyo inatolewa na mashine ya altrasaundi. Sisi tuliotoka Kongo tunaiita ekografi, na huku Uganda wengi wanasema skani. Ni mashine moja. Haina mionzi kama ile ya picha ya kifua. Inatuma sauti nyembamba ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia, sauti inagonga mwili wa mtoto, inarudi, na mashine inaichora. Haiumizi mama na haimdhuru mtoto. Ninasema hivi kwa sababu bado kuna minong'ono vijijini kwamba inakausha maji ya uzazi. Haikaushi.

Nyumba ya vyumba vinne

Moyo wa mtu una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Katikati kuna ukuta unaotenganisha upande wa kulia na wa kushoto. Upande wa kulia unapokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuisukuma kwenye mapafu ikachukue hewa safi ya oksijeni. Upande wa kushoto unapokea damu ile iliyokwisha kupata oksijeni na kuisukuma mwili mzima. Kati ya vyumba vya juu na vya chini kuna milango midogo, wataalamu wanaiita vali, inayofunguka upande mmoja tu ili damu isirudi nyuma. Halafu juu kuna mishipa miwili mikubwa ya kutolea damu, mmoja wa kwenda mapafu, mwingine wa kwenda mwilini.

Kazi ya kujenga nyumba hii inaanza mapema mno. Siku ya 22 hivi baada ya mimba kutunga, moyo, ambao wakati huo ni mrija mdogo tu, unaanza kupiga. Mrija huo unajikunja, unagawanyika, kuta zinaota, na kufikia mwisho wa wiki ya 8 vyumba vyote vinne vimekamilika. Hesabu mwenyewe: wiki ya 8 mama wengi ndiyo kwanza wanajiuliza kama ni mimba au ni malaria. Wakati anapokuja kliniki mara ya kwanza, mwezi wa tano au wa sita kama ilivyo desturi yetu, nyumba imekwisha kujengwa zamani. Kama ukuta haukufungwa, haukufungwa.

Watoto wanaozaliwa na kasoro ya moyo ni karibu 1 kati ya kila 100, katika kila nchi, kwa matajiri na kwa maskini. Nilipoambiwa hesabu hiyo kwenye mafunzo sikuamini, nikadhani ni ya Ulaya. Wengi kati yao wana kasoro ndogo, na tundu dogo mara nyingi hujifunga lenyewe bila dawa. Lakini karibu robo yao wana kasoro kubwa inayohitaji upasuaji au matibabu mengine katika mwaka wa kwanza, na wengine katika siku za kwanza kabisa.

Kwa nini mtoto anazaliwa mzuri halafu anabadilika?

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilipokosea. Nitaeleza kwanza jambo lenyewe, kisha kosa langu.

Mtoto tumboni hapumui. Mapafu yake yamejaa maji na oksijeni anaipata kwa mama yake kupitia kondo la nyuma na kamba ya kitovu. Kwa sababu mapafu hayana kazi, Mungu amemwekea njia mbili za mkato. Ya kwanza ni kimlango kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Ya pili ni mshipa mfupi unaounganisha ule mshipa wa kwenda mapafu na ule wa kwenda mwilini, ili damu ipite bila kuzunguka kwenye mapafu. Kila mtoto anakuwa nazo, hata aliye mzima.

Mtoto akizaliwa na kulia, mapafu yanafunguka. Njia zile mbili hazihitajiki tena, zinaanza kujifunga. Ule mshipa mfupi kwa kawaida unafungwa ndani ya siku mbili tatu za kwanza.

Sasa fikiria mtoto ambaye mshipa wake wa kwenda mapafu umeziba, au mishipa yake miwili mikubwa imepishana, wa kulia umeota kushoto na wa kushoto kulia. Tumboni hana shida, maana mama ndiye anayempumulia. Anazaliwa na kilo 3, analia kwa nguvu, ananyonya, nesi anaandika kwenye kadi kwamba ni mzima, na nesi hajadanganya. Yule mtoto anaishi kwa njia ya mkato iliyobaki wazi. Siku ya pili, ya tatu au ndani ya wiki ya kwanza mshipa ule unajifunga kama ilivyopangwa, na mtoto anabaki bila njia. Anabadilika rangi, anapumua haraka, anaacha kunyonya. Kwa saa chache mtoto aliyekuwa mzuri anakuwa wa kufa.

Mwaka 2022 nilikuwa na miezi minne tu katika kazi hii ya kujitolea. Jirani yetu alijifungua salama kituoni na kurudi nyumbani siku iliyofuata. Siku ya tatu asubuhi aliniita. Akaniambia, "Mutoto anachoka kunyonya, na midomo yake sielewi." Nilimwangalia mtoto. Midomo ilikuwa imeiva rangi kama ya mtu aliyekula zambarau. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, nyumba ilikuwa na unyevu. Nikasema ni baridi. Nilimwambia amfunike vizuri, amweke kifuani, anyonyeshe kidogo kidogo, na mimi nitapita jioni. Jioni nilipopita hatukubishana tena, tulitafuta pikipiki. Mtoto alifia njiani.

Daktari mmoja alinieleza baadaye, kutokana na nilivyomsimulia, kwamba inawezekana sana ilikuwa moyo. Hakuna aliyempima, kwa hiyo hatutajua. Yule mama alikuwa amepigwa altrasaundi mara moja, mwezi wa nane, na akaambiwa mtoto amekaa vizuri, kichwa chini. Ndicho alichoangaliwa. Hakuna aliyeangalia moyo, wala yeye hakujua kwamba unaweza kuuliza.

Altrasaundi ya wakati gani?

Wakati mzuri wa kuangalia moyo wa mtoto ni kati ya wiki ya 18 na ya 22, yaani mwezi wa tano. Kabla ya hapo moyo ni mdogo mno kwa mashine za kawaida. Kwenye wiki ya 20 una ukubwa wa punje kubwa ya haragwe, na bado mpimaji anatakiwa ahesabu vyumba ndani yake. Ukichelewa sana, hasa kuanzia mwezi wa nane, mifupa ya mtoto imekomaa na nafasi imebana, picha haionekani vizuri. Hivyo altrasaundi ya mwezi wa nane inafaa kuangalia mtoto amelalaje na kondo limekaa wapi. Kwa moyo, muda wake umepita, ingawa kasoro kubwa bado yaweza kuonekana.

Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri kila mjamzito ahudhurie kliniki mara 8, ya kwanza ikiwa kabla ya wiki 12 kwisha, na apigwe altrasaundi moja kabla ya wiki 24. Ukitaka kuipata hiyo moja kwa wakati wake, lazima uanze kliniki mapema, kwa kuwa bila kujua umri wa mimba hakuna atakayekupangia wiki ya 20.

Mpimaji anafanya nini? Kwanza anatafuta picha ya vyumba vinne. Anaangalia kama viko vinne kweli, kama vya kulia na vya kushoto vinakaribiana ukubwa, kama ukuta wa katikati upo, kama milango inafunguka na kufunga, na kama moyo umekaa upande wa kushoto wa kifua. Kisha, kama ana ujuzi, anafuata mishipa miwili mikubwa ya juu aone kila mmoja unaanzia wapi na kama inapishana inavyotakiwa. Hatua hii ya pili ni ngumu, na wapimaji wengi wanaishia kwenye ya kwanza. Lakini ile kasoro ya mishipa kupishana haionekani kwenye picha ya vyumba vinne, maana vyumba vyenyewe viko sawa.

Akiona kitu asichokielewa, mama anatumwa kwa mtaalamu wa moyo afanyiwe eko ya moyo wa mtoto. Hiyo nayo ni altrasaundi, ila inafanywa na mtu aliyesomea moyo, na inachukua muda mrefu zaidi. Inaonyesha mpaka damu inavyokimbia ndani.

Kwa hiyo ukilala pale kitandani uliza, kwa heshima tu: "Daktari, naomba uniangalie na moyo wa mtoto, vyumba vyote vinne." Akina mama wengi wanaogopa kuuliza, na wengine hawaelewani na mpimaji kwa lugha. Kama unajua Kiswahili peke yake, mwambie VHT wa kijiji chako mapema ili mpatikane na mkalimani. Si usumbufu, ni kazi yetu.

Ni lazima nikwambie pia kile ambacho mashine haiwezi. Matundu madogo ya ukutani mara nyingi hayaonekani. Zile njia mbili za mkato haziwezi kuhesabiwa kama ugonjwa tumboni, kwa sababu kila mtoto anazo. Ni baada ya kuzaliwa, zisipojifunga, ndipo zinakuwa ugonjwa. Hata katika nchi zenye mashine za gharama kubwa, watoto wengi wenye kasoro wanazaliwa bila kugunduliwa. Kwa hiyo ukiambiwa "sijaona shida", maana yake ni hiyo hiyo: hajaona shida. Endelea kumwangalia mtoto akizaliwa.

Nani aangaliwe zaidi?

Watoto wengi wenye ugonjwa huu wanazaliwa na akina mama ambao hawana sababu yoyote inayojulikana. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka wote waangaliwe. Lakini wako ambao hatari yao ni kubwa zaidi, nao wamwambie nesi siku ya kwanza ya kliniki bila kungoja kuulizwa.

Wa kwanza ni mama aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye ugonjwa wa moyo, au yeye mwenyewe au baba wa mtoto alizaliwa nao. Kwa familia yenye mtoto mmoja wa namna hiyo, hatari kwa anayefuata ni 2 au 3 hivi kati ya 100. Bado wengi wanazaliwa wazima, lakini si jambo la kunyamazia. Hata kama mtoto wa kwanza alifariki bila kupimwa, sema alivyofariki.

Wa pili ni mama mwenye kisukari tangu kabla ya mimba. Sukari nyingi kwenye damu katika zile wiki nane za ujenzi inaongeza hatari mara tatu hivi au zaidi, na sukari ikidhibitiwa kabla ya kushika mimba, hatari inapungua. Kuna pia dawa. Baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti, na dawa ya litiamu inayotolewa kwa ugonjwa wa akili, zinaweza kuharibu ujenzi. Tafadhali usikimbilie kuacha dawa ya kifafa mwenyewe, maana kuanguka kifafa ukiwa na mimba kunaweza kukuua wewe na mtoto. Nenda kwa daktari akubadilishie, ikiwezekana kabla hujashika mimba. Pombe nayo, iwe waragi au kasiksi, mimba haina kiasi chake salama.

Halafu rubela. Huu ni ugonjwa unaofanana na surua lakini mwepesi: homa ndogo, vipele, siku tatu umekwisha. Mtu mzima anaweza kuupata asijue. Ukimkuta mama katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, unamwingia mtoto na kuharibu macho, masikio na moyo. Aliyeligundua hilo ni daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, mwaka 1941. Alishangaa kuona watoto wengi wachanga wenye mtoto wa jicho, wengi wao wakiwa na moyo mbovu pia, akauliza mama zao, akakuta walipata rubela mwanzoni mwa mimba. Uganda iliingiza chanjo ya surua na rubela pamoja mwaka 2019, na kampeni ya Oktoba mwaka huo ilikuwa ya watoto wa chini ya miaka 15. Wengi wetu tuliokua Kongo tulichanjwa surua peke yake. Kwa hiyo mpeleke binti yako na wanawe wachanjwe kwa ratiba, kwani mtoto aliyechanjwa hamletei rubela jirani mwenye mimba. Chanjo hiyo haitolewi kwa mjamzito.

Wa mwisho ni mtoto ambaye altrasaundi imeonyesha dalili ya sindromu ya Down, au kasoro nyingine mwilini. Karibu nusu ya watoto wa Down wana kasoro ya moyo.

Katika yote hayo hamna kurogwa. Hamna kuruka maji, hamna kula mayai, hamna laana ya mahari ambayo haikulipwa. Nimesikia mama mkwe akimwambia mkazamwana kwamba moyo wa mtoto umetoboka kwa sababu ya hasira zake. Shangazi zangu na bibi zangu mnaosoma au kusomewa hapa, tuwahurumie hawa wasichana.

Kikionekana, ndipo nini?

Wengine wanauliza, kama tiba iko mbali, kujua kunasaidia nini? Ni swali la haki. Kwa baadhi ya kasoro hakuna kinachobadilika mpaka mtoto azaliwe. Lakini mahali pa kuzalia panabadilika. Mtoto ambaye uhai wake unategemea ule mshipa mfupi anaweza kupewa dawa ya prostaglandini kwa mpira wa mshipani, ambayo inauzuia usijifunge, wakati madaktari wanajipanga. Dawa hiyo haiko kwenye vituo vyetu. Inahitaji hospitali kubwa na uangalizi wa karibu, kwani inaweza kumfanya mtoto asahau kupumua. Mtoto aliyegunduliwa tumboni anazalishwa karibu nayo. Yule asiyejulikana anaipata kama gari litawahi.

Njia kutoka hapa iko hivi. Kituo kinakuandikia rufaa ya hospitali ya rufaa ya Mbarara, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, barabara ikiwa kavu. Upasuaji wa moyo wa watoto unafanyika Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago, Kampala, kilomita nyingine 270 hivi. Taasisi hiyo ilianza upasuaji wa moyo wa kufungua kifua mwaka 2007, na watoto ambao zamani walisubiri kupelekwa India sasa wengi wanafanyiwa hapo hapo.

Lakini foleni ni ndefu na gharama ni kubwa, na kwa mkimbizi maombi ya rufaa kubwa yanapita kwenye kamati. Kamati inaangalia mambo mawili, nafasi ya mtoto kupona na gharama. Si kila ombi linakubaliwa. Sitakuficha hilo, kwa maana nimekaa na baba aliyekataliwa. Ninachoweza kusema ni kwamba ombi linaloletwa mimba ikiwa na miezi mitano, likiwa na karatasi ya eko na jina la ugonjwa, lina muda wa kujadiliwa, kurudishwa na kuandikwa upya. Ombi linaloletwa usiku mtoto akiwa hawezi kupumua halina muda huo. Karatasi zako zote, hata ile ndogo ya altrasaundi, zitunze kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya familia. Nimeona kesi ikianza upya kwa sababu panya walikula karatasi.

Mtoto akishazaliwa

Hapa msaada upo karibu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni na kuonyesha namba ya oksijeni, ambacho wengi tulikiona wakati wa Covid-19, kinaweza kumpima mtoto mchanga. Mtoto akimaliza saa 24, kinawekwa kwenye mkono wa kulia, kisha kwenye mguu. Namba zote mbili zikiwa 95 au zaidi, na tofauti yao isizidi 3, ni vizuri. Ikiwa kati ya 90 na 94, anapimwa tena baada ya saa moja. Ikiwa chini ya 90 popote, daktari aitwe mara moja. Ni dakika chache tu. Usitoke wodini kabla ya saa 24, na kabla hujatoka omba mtoto apimwe mkono na mguu.

Nyumbani, angalia anavyonyonya. Kunyonya kwa mtoto mchanga ni kama kupanda mlima kwa mtu mzima. Mwenye moyo dhaifu ananyonya kidogo, anaacha, anahema, anatoka jasho kichwani hata kukiwa baridi, analala kabla ya kushiba, na uzito hauongezeki. Hesabu pumzi zake akiwa ametulia, dakika nzima: 60 au zaidi ni nyingi mno. Na angalia rangi. Kwa ngozi zetu nyeusi usitazame uso, fungua kinywa utazame ulimi na fizi. Vidole na nyayo kuwa vya samawati siku ya kwanza hutokea kwa watoto wengi wazima. Ulimi ukiwa na rangi hiyo si baridi. Narudia kwa sababu mimi nililikosa hili: ulimi wa zambarau si baridi. Ni kituoni, saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Kuna watoto wakubwa kidogo ambao hubadilika rangi ghafla wakilia, wakahema kwa nguvu. Mtoto akifanya hivyo, mkunje magoti yaguse kifua chake, mtulize ukiwa umemkumbatia hivyo, na mpelekeni hospitali. Mkao huo unasaidia damu kwenda mapafuni.

Huku Ankole wapo wanaosema mtoto anayehema haraka ana oburo, yaani ulezi kifuani, na wanachanja ngozi ya kifua ili kuutoa. Baadhi yetu tumeanza kuiga kwa majirani. Kifuani mwa mtoto hamna ulezi. Mtoto huyo ana nimonia au ana moyo, na wembe unamwongezea kidonda na kumpotezea siku mbili ambazo hana.

Yule jirani yangu ana mimba tena. Alinificha mpaka wiki ya 14, nami namwelewa. Wiki hii imefika ya 19. Nesi ameandika kwenye karatasi yake kwamba mtoto wa kwanza alifariki siku ya tatu akiwa na midomo ya samawati, na kwamba moyo uangaliwe vyumba vinne na mishipa miwili. Alhamisi gari la rufaa linaondoka Base Camp saa kumi na mbili asubuhi, na mimi nitakwenda naye kutafsiri. Mwenye mimba ya wiki 18 hadi 22 ambaye bado hajapimwa aonane na VHT wake kabla ya Jumatano, aje na kadi ya kliniki.